Mchanga Ndani ya Bomba

Koboko, Jumamosi, 9 Agosti

Leo nitaandika yote, hata lile ambalo Baba hajui.

Mzee mmoja na mkewe, wasafiri kutoka Nakuru, walifika gereji kwetu na gari lenye kitanda na jiko ndani. Jiwe lilikuwa limepasua bomba la maji machafu. Baba alijaza mchanga kwenye bomba jipya la plastiki ili lisibonyee, akalipasha moto juu ya makaa, akalipinda likawa kona nzuri. Kazi yangu ilikuwa kumwaga ule mchanga.

"Mchanga yote iko inje?"

"Ndiyo, Baba."

Nilikuwa nimeligonga mara mbili tu. Nilitaka anione mwepesi, maana amesema likizo ijayo atanifundisha kuchomelea.

"Huyu iko fundi yangu," Baba akamwambia yule mama, akicheka. Niliona aibu.

Baba alilifunga bomba, wakaondoka; sasa watakuwa wameshafika Arua. Mchanga ukiziba pale kwenye kona, uchafu utarudi juu kwenye sinki lao, na watasema Baba hajui kazi.

Kesho nitamwambia Baba. Lakini nambari yao iko kwenye simu ya gereji, nami nimeshawatumia ujumbe: "Mama, mimi ni yule msichana wa gereji. Sikutoa mchanga vizuri. Tafadhali nijibu, maji yanashuka?"