Njiwa wa Upande Wangu

Jumatatu, 7 Julai

Njiwa tena. Nimekaa kwenye cherehani barazani kama kila siku, nashona gauni la harusi, satini nyeupe, na mavi pwaa, katikati ya kifua. Nimesugua kwa limau mpaka vidole vikakunjamana. Doa limetoka. Hasira haijatoka.

Perpetua amekuja saa nne kunywa chai, amecheka. Eti, "Bi Zaina, hao wamekuchumbia. Kubali tu, sha." Jirani gani huyu. Nyumba zetu ziko chini ya bati moja, mlango wangu huku, wake kule, ukuta katikati. Waume zetu walijenga pamoja na wakatuacha wajane pamoja. Lakini njiwa wote kwangu.

Jumanne, 8 Julai

Mjukuu wangu Sumaya ameleta sidii za zamani, amezitundika kwenye boriti zing'ae. Anasema ameona kwenye simu kwamba zinatisha ndege. Njiwa wamekuja, wamejitazama humo kama wasichana wanaokwenda harusini. Simu haijui kitu.

Alhamisi, 10 Julai

Leo nimetumia akili yangu mwenyewe. Nimechoma pini za kushonea kwenye vipande vya ndala kuukuu, ncha juu, nikazipanga kwenye boriti yote. Juu ya bati uzi wa nailoni, umekazwa msumari kwa msumari. Sumaya alipanda ngazi, mimi chini nikimgombeza. Kaza! Si hapo! Binti ana mikono kama uji.

Njiwa wa kwanza alitua, akakosa pa kuweka mguu, akaondoka. Wa pili vilevile. Nimepiga kigelegele peke yangu.

Jumamosi, 12 Julai

Baraza safi. Hata unyoya hakuna. Wapita njia wanasimama kutazama boriti yangu. Wasimame. Mtaani kwetu Nyakabanda hakuna fundi aliyefikiria hivyo.

Jumapili, 13 Julai

Njiwa wamehamia kwa Perpetua.

Alitoka na gauni lake la misa, la zambarau, nililomshonea mimi. Hajafika barabarani, limemwagikiwa begani. Na muhogo wake aliouanika kwenye mkeka, wote umeharibika. Nilicheka. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nikamwambia, "Haya, sasa wamekuchumbia wewe!"

Hakucheka. Amesema, "Umenitupia uchafu wako, Zaina." Bila Bi. Miaka yote hii hajawahi kuniita bila Bi.

Nimemjibu kwamba ndege wana mabawa yao, sikuwabeba mimi. Amefunga mlango.

Jumatatu, 14 Julai

Saa nne hakuja. Nimekunywa chai peke yangu. Ilikuwa na tangawizi nyingi mno na hapakuwa na mtu wa kulalamika.

Jumatano, 16 Julai

Kila asubuhi anagonga sufuria kwa mwiko. Njiwa wanaruka, wanazunguka, wanarudi kwake. Kichwa kinaniuma. Nimemtuma Sumaya ampelekee kasha la pini na uzi. Sumaya amerudi navyo.

"Amesema nini?"

"Amesema, mwambie bibi yako mimi si nguo."

Mwanamke ana mdomo. Amekulia Bukoba, huko wanafundishwa kujibu. Nimecheka kidogo, halafu nikakasirika kwamba nimecheka.

Jumamosi, 19 Julai

Nimemwona juu ya kiti, anasugua ukuta. Kiti cha mguu mbovu, na nyonga ile yake inayomuuma. Nimesimama mlangoni, roho iko mkononi. Mwisho nikapiga kelele, "Shuka wewe mukecuru, kizee wewe! Ukivunjika nani atakubeba?" Hakugeuka. Lakini ameshuka. Polepole, kashika ukuta. Alhamdulillahi.

Jumanne, 22 Julai

Sumaya anasema niende nikaombe msamaha. Nimemwambia akaoshe vyombo. Niombe msamaha wa nini? Wa kuwa na baraza safi?

Mzee wangu alipofariki, Perpetua alilala kwenye mkeka wangu mpaka matanga yakaisha. Rozari yake aliificha chini ya kanga ili mashangazi wasiseme. Mimi niliiona. Sikusema kitu.

Sijui kwa nini nimeandika hayo.

Jumamosi, 26 Julai

Umuganda, usafi wa pamoja wa mwisho wa mwezi. Mudugudu mzima, majirani wote, tumefagia mtaro. Yeye upande ule, mimi upande huu, na majani katikati. Wanawake walikuwa wanaongea na nimesikia: mwanawe anayekaa mtaa wa Gikondo anataka kumhamishia kwake, na yeye hajakataa. Amewaambia, "Hapa nimebakiwa na nini? Njiwa?"

Nimerudi nyumbani, jembe nimelisahau mtaroni. Sijala mchana. Baraza langu ni safi mpaka linachukiza.

Jumapili, 27 Julai

Baada ya sala ya alfajiri nimepanda ngazi mwenyewe, Sumaya amelala. Nimejigombeza mwenyewe maana hakuna mwingine. Nimeng'oa ndala zote kwa koleo, nimekata uzi wote kwa mkasi. Kisha nikamwaga mchele barazani. Mchele wa pilau, mzuri. Mimi Zaina, nimewaita njiwa kwa mkono wangu!

Cherehani nimeisukumia ndani, karibu na dirisha. Kuna giza kidogo. Macho yatazoea.

Sumaya ameamka, ametazama boriti, amenitazama mimi. Amefungua mdomo. Nimemwambia afunge.

Jumatatu, 28 Julai

Wamerudi wote. Upande wa Perpetua kimya, hakuna sufuria.

Saa nne amekuja. Hakubisha hodi. Amesimama barazani, mikono kiunoni, anaangalia juu.

"Yewe! Pini zako zimeshindwa, Bi Zaina?"

Bi imerudi.

"Zimeshindwa," nimesema.

Akaanza. Kwamba alijua tangu mwanzo. Kwamba mambo ya ufundi wa nguo hayawezi ndege. Kwamba ni sufuria yake iliyowafukuza, nami nijifunze kugonga. Amenionyesha namna ya kushika mwiko. Nimeshika mwiko. Nimesema asante. Sumaya alikimbilia jikoni, kanga mdomoni.

Nimemmiminia chai.

Jumatano, 30 Julai

Nimeshona ndani. Perpetua alikaa nje ya dirisha, anachambua maharage, anaongea. Gikondo ni magereji matupu, makelele, nyundo tangu asubuhi, mtu atalalaje. Amemwambia mwanawe asimsumbue.

Mavi yameanguka karibu na mguu wake. Amesogeza kigoda, ameendelea kuongea.

Gauni la bibi harusi limekwisha. Limekaa vizuri.