Wale Niliowaosha

Nzuguni, Dodoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama na miguu imepungua kuuma. Sisi huku tu wazima, vumbi na upepo tumeshavizoea, na baba Salma amepata kazi ya kupaka rangi nyumba zinazojengwa. Sikupiga simu kwa sababu haya si ya kuyasema kwa sauti, wapangaji wote wasikie. Kaka Idi akusomee taratibu.

Mama, nimeosha maiti.

Jirani yetu Mama Swaumu, yule mjane aliyenifundisha kushona nilipohamia huku, aliugua ghafla akafariki njiani kupelekwa hospitali. Hakuwa na ndugu hapa mjini, ameacha binti mmoja tu, Swaumu. Wanawake tulikusanyika uani tukabaki kutazamana, maana mwoshaji wa mtaa alikuwa amesafiri. Mmoja akakumbusha kuwa mama yangu ndiye anayeosha kule Kondoa. Macho yote yakanigeukia. Nikawaambia sijawahi, nimekusikia tu ukiwaelekeza wenzako. Hawakuwa na mwingine.

Unajua nilivyoogopa tangu utoto, hata chakula chako nilikikataa siku ulizotoka msibani. Lakini niliingia. Maji ya mkunazi yalikuwa tayari kwenye ndoo, shuka limetundikwa kuziba mlango. Kopo la kwanza liliniponyoka, maji yakamwagika chini. Ndipo nikasikia sauti yako, wazi kabisa, nyuma ya bega langu: "Anza upande wa kulia. Usiharakishe."

Nikageuka. Alikuwepo Swaumu peke yake, ameshika pindo la shuka, na hakuwa amesikia kitu.

Tulipofika kwenye nywele, Swaumu akasogea. "Naomba nimsuke mimi," alisema. Nikamwelekeza afanye mikia mitatu. Alisuka polepole mno, kama anayeogopa kumuumiza.

Tangu siku ile Mama Swaumu hajaniacha. Nikitia udhu nasikia uzito wa mkono wake juu ya mkono wangu. Nikiwa kwenye cherehani nasikia kikohozi chake ng'ambo ya ukuta, na chumba chake kimefungwa kufuli. Baba Salma alitaka tumwite shekhe anisomee. Nikakataa, maana sikuona kama amekuja kwa ubaya. Nikaanza kumwombea kila baada ya swala. Mama, swala zangu nilikuwa nazimaliza kama mtu anayewahi basi. Siku hizi Salma huja kunichungulia kama bado nimekaa pale mkekani.

Juzi walikuja watu wa mtaa wa Nkuhungu, wamefiwa na bibi yao. Niliogopa vilevile, lakini nilikwenda, na Swaumu akaomba tufuatane. Safari hii mikono ilitulia. Niliporudi nikaketi kushona, nikahisi tena kuwa si peke yangu chumbani, na aliyekuwepo hakuwa Mama Swaumu tu.

Sasa ni wawili.

Nisalimie shangazi, kaka Idi na wanawe, na yule bibi jirani anayekuletea maziwa. Swaumu anakuamkia, sasa anaishi nasi na nimemhesabu mwanangu.

Mama, wewe umeosha wafu wa karibu kila nyumba hapo mtaani. Zile alasiri ulizokuwa ukikaa kibarazani kimya, sisi tukadhani umechoka na kuambiana tusikusumbue, kumbe ulikuwa nao?

Mwanao akupendaye,
Mwanaidi