Projekta Mpya Imemnyamazisha Mama Mkwe Wangu

Mpendwa Bi Zeyana, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa mama mkwe wangu anahama, na anahama kwa ajili ya kitu nilichonunua mimi mwenyewe kwa nia njema, wallahi.

Mimi ni mke wa mtu, naishi Mkunazini katika nyumba ya marehemu baba mkwe wangu, pamoja na mume wangu Nadir na mama yake, Bi Saadiya. Watoto hatujajaaliwa. Nadir anafanya kazi hotelini Nungwi na anarudi mara moja kwa wiki, kwa hiyo siku nyingi ni mimi na Bi Saadiya tu, yeye ghorofani na mimi chini, na hatugombani lakini pia si watu wa kuzungumza sana, maana yeye ni mtu wa kizamani, jambo zito halisemi, atakuuliza umekula, atakuuliza mbona macho mekundu, basi.

Ila Jumamosi huwa mtu mwingine kabisa. Tulikuwa na projekta kuukuu, na kila Jumamosi baada ya Alasiri tukifunga madirisha ya ukumbi wa chini na kuangalia filamu za Kihindi kwenye ukuta uliopakwa chokaa, na wanawake wa mtaani wakija na visheti vyao na birika la kahawa, mwanamme haingii. Mashine yenyewe ilikuwa na mwanga hafifu, nyuso unaziona kama zimo ndani ya moshi wa udi, na spika yake inakoroma tu, kwa hiyo Bi Saadiya ndiye aliyekuwa akitutafsiria, kwani usichana wake wote alikuwa akienda sinema zile siku za wanawake peke yao, na majirani zao walikuwa Wahindi, na Kihindi anakijua, au sisi tulidhani anakijua. Anakaa mbele kwenye kiti chake, anabadilisha sauti, mara mume, mara mke, akilia mtu pale ukutani na yeye analia, na sisi sote nyuma yake tunalia.

Basi mimi nikaona bibi wa watu anachoka, koo linamkauka, nikasema nimpumzishe. Nikanunua projekta mpya, ya kisasa, picha inang'ara mpaka unaiona pini kwenye mtandio, sauti inatetemesha vikombe, inashika intaneti, na maandishi ya Kiswahili yanapita chini ya picha. Ile kuukuu nikampa dada yangu anayekaa mtaa wa Amani. Nikamwambia Bi Saadiya, "Mama, leo kaa utazame tu, usijichoshe." Akasema, "Haya mwanangu," akakaa.

Jumamosi ya kwanza ilipita salama, alikaa kimya nami nikajua anafurahi. Ya pili yake, jirani yetu Tabia, ambaye mdomo wake ungeusikia hata huko uliko, akataka tuangalie tena filamu moja tuliyoipenda sana miaka ya nyuma, ya mama mkwe na mkaza mwanawe asiyezaa. Bi Saadiya akasema, "Hiyo nshaiona, wekeni nyengine." Hatukumsikiliza. Zamani alitutafsiria kwamba yule mama anamwonesha mkwewe mlango na kumwambia, "Mwanangu, mlango huu ni wako na nyumba hii ni yako, uzae usizae. Mie sikukuchukua kwa ajili ya wajukuu." Tulilia siku ile, na mimi nililia kupita wote, mwaka ule mimba yangu ya pili ilikuwa imeharibika na kila kitu kilikuwa kikiniliza. Sasa maandishi yakapita chini ya picha: "Toka nyumbani kwangu, tasa wewe. Mwanangu ataoa mwingine." Tabia akayasoma kwa sauti, akasema, "Bi Saadiya! Kumbe miaka yote hii watuongopea!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi, Bi Zeyana, nilicheka. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu.

Bi Saadiya akainuka, akatafuta viatu vyake, akasema, "Mashine yako yajua kusoma, haina haja na mie," akapanda juu. Tangu siku hiyo hashuki. Chakula nampelekea, ananiambia ahsante mwanangu, basi. Keshafunga vitu vyake aende kukaa kwa binti yake Makunduchi, na nikimuuliza anasema anataka upepo. Nadir anasema mama atazoea. Tabia na wenzake kila wakipita wanauliza filamu lini. Nimefikiri niifuate ile mashine kuukuu, nimefikiri niwaambie majirani kwamba maandishi ndiyo yenye makosa, sijui nifanye lipi. Na nikuambie na hili, nina hasira naye kidogo, kwa nini alitudanganya?

Rahila, Mkunazini

*

Marahaba, Rahila. Umeniandikia habari za mashine, na mashine haina kosa. Uliinunua kwa wema, nakuamini. Lakini mwanangu, mtu hapumzishwi kazi anayoipenda bila ya kuulizwa. Ndivyo tunavyowafanyia wazee wetu: tunawanyang'anya mbuzi ya nazi kwa kuihurumia mikono yao, kisha tunashangaa mbona wamenuna. Uliliona koo lake linakauka, na hukuona kwamba Jumamosi ilikuwa ndiyo siku yake. Hilo nakusamehe, wengi tumelifanya.

Kicheko sikusamehe upesi hivyo. Tabia kucheka ni kazi yake, hana nyingine. Wewe je? Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na wewe umejikwaa meno, mbele ya mtaa mzima.

Unaniuliza kwa nini aliwadanganya. Hebu isome tena barua yako. Mwaka ule mimba yako imeharibika. Umekaa kwenye jamvi, macho mekundu, na pale ukutani mama mkwe anamfukuza mwanamke kwa sababu hakuzaa, na wanawake wote wanamngoja Bi Saadiya awaambie kilichosemwa. Ulitaka akuite tasa kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya Tabia? Mimi naamini Kihindi anakijua barabara. Alilisikia neno lile kabla hujalisikia, akalizuia lisikufike, na mahali pake akaweka lake. Wewe unadhani mama mkwe wako hajapata kukutamkia lolote juu ya mtoto. Amekutamkia, Rahila. Alikwambia uzae usizae, na alikwambia mbele ya mashahidi, na wewe ukalia ukidhani unalilia filamu.

Sasa fikiri siku ile ya kicheko yeye alisikia nini. Alimsikia mkaza mwanawe akiyacheka maneno hayo hayo. Mimi nilipofika hapo katika barua yako niliiweka chini, nikatafuta leso. Halafu unashangaa anafunga vitu vyake?

Basi nisikilize vizuri. Mashine kuukuu iache huko huko Amani. Ukimrudishia kitu kibovu utakuwa umemwambia na yeye ni wa kundi hilo. Majirani usiwaongopee, maana uongo una wajuzi wake na wewe si mmoja wao. Nadir usimtume. Ataingia, atasema "mama, yaishe," atatoka, na hayatakuwa yameisha.

Panda juu wewe, leo hii ukimaliza kusoma, peke yako, na usichukue sahani, maana ukienda na sahani atakushukuru kwa chakula na mazungumzo yatafia hapo. Kaa chini, karibu na miguu yake. Projekta usiitaje. Mwombe radhi kwa kile kicheko kwa maneno machache, usijitetee kwamba hukujua. Kisha mweleze habari za mimba zako, zote mbili, ulivyoumwa na ulivyoogopa, mambo ambayo nina hakika hujamweleza mtu. Yeye alipata filamu ya kujifichia ndipo akaweza kusema. Wewe huna filamu, sema hivyo hivyo, hata sauti ikikatika.

Jumamosi akishuka, rimoti iwe mkononi mwake. Akitaka maandishi yazimwe, yazimwe. Akitaka yabaki, yabaki, na yeye apumzike kwa hiari yake na aione hiyo picha nzuri kama nyinyi. Tabia akifungua mdomo, mjibu wewe, usimwachie mzee wa watu. Mwambie tafsiri ya Bi Saadiya ndiyo iliyokufaa, na anayetaka ile nyingine akaiangalie kwake.

Lakini hayo ni ya Jumamosi, na Ijumaa inatangulia. Hatakuuliza kama abaki, hilo litoe kichwani. Watu wa namna yake hungoja waambiwe. Yeye alikwishasema nyumba ni yako, Rahila, na mwenye nyumba ndiye anayemwambia mtu asihame. Panda ukamwambie.