Pikipiki Inayopiga Kichwa

Arusha, 4 Februari 2024

Dada Elinipendo,

Shikamoo. Habari za Kiboriloni, na kifua kinaendeleaje? Mama nilimpigia juzi, anasema ng'ombe amezaa na wewe hujapanda Old Moshi wiki ya tatu sasa. Sisi huku wazima.

Naandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana, na safari hii nakuhitaji. Ile pikipiki kubwa niliyonunua Desemba kwa ajili ya wageni inanitesa. Ikiwa tupu haina neno. Nikifunga masanduku na kumpakia mgeni nyuma, ikifika tisini usukani unatetemeka, kisha unapiga kushoto kulia kama mbuzi anayekataa kamba. Jumatano, karibu na Boma Ng'ombe, nilidhani tumekufa. Shemeji Ebenezeri naye imemfanyia hivyohivyo, akaegesha, akakaa chini kando ya barabara nusu saa nzima. Kaniomba nisimwambie mkewe Doris, maana mdogo wetu huyo atamwachisha kazi ya kuwaendesha wageni wangu.

Nimebadilisha tairi ya mbele, wapi. Wewe ndiye uliyebaki gerejini na baba, mimi nilikimbilia wazungu. Nisaidie.

Mdogo wako,
Godbless


Kiboriloni, 9 Februari 2024

Mdogo wangu Godbless,

Marahaba. Kifua kinapona, nakunywa tangawizi. Kwa mama nitapanda Jumapili baada ya ibada, aache kunishtaki.

Umenunua tairi kabla ya kujua ugonjwa. Baba angekupiga na kitambaa cha grisi. Kwanza niambie: ni usukani unaotetemeka mkononi, au ni mkia unaoyumba? Usukani ni mambo ya mbele. Mkia ni mambo ya nyuma, na mzigo.

Kisha fanya hivi. Isimamishe kwenye stendi ya katikati, mtu aikandamize nyuma ili gurudumu la mbele liinuke. Shika shokapu za mbele kwa chini, vuta, sukuma. Ukisikia "tok", beringi za shingo ya usukani zimelegea. Halafu geuza usukani kwa kidole kimoja, taratibu. Ukinasa pale katikati, kama umeangukia kwenye kishimo, beringi zimekwisha, hakuna kukaza. Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi. Na lile sanduku la nyuma kabisa unalipakia nini? Mzigo ukikaa huko mwisho, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na kosa dogo linakuwa kubwa.

Ikikuanza barabarani usiikabe. Legeza mikono, punguza mafuta kidogokidogo, usishike breki kwa hofu. Mwambie na Ebenezeri.

Dada yako,
Elinipendo


Arusha, 20 Februari 2024

Dada,

Shikamoo, natumaini u mzima. Mimi mzima ila usingizi hamna. Ni usukani. "Tok" ipo, na kishimo kipo, nimekisikia kwa kidole kama ulivyosema. Ila na mkia nao unayumba kidogo kwenye kona, sikutaka kukuficha.

Ebenezeri anakuletea Jumamosi, mwendo wa hamsini. Nakuomba isikae. Wageni wanne wanaingia tarehe 9 Machi, wanazunguka mlima kwa Rombo kisha wanashuka Same. Ndio msimu wangu wa mwisho kabla ya masika.

Mdogo wako,
Godbless


Kiboriloni, 2 Machi 2024

Godbless mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mama mzima, ndama amesimama.

Beringi za shingo nimebadilisha. Bushi za ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma zilikuwa zimelika, nazo nimeweka mpya. Nikaijaribu hadi Himo, mimi peke yangu, ikatulia. Nikafunga magunia mawili ya pumba nyuma, ikaanza tena.

Nikavua tangi. Chini ya tangi, pale shingo inapoungana na fremu, rangi ni mpya kuliko kwingine. Nikaikwangua. Godbless, fremu hiyo iliwahi kukunjika, ikanyooshwa, ikachomelewa, ikapakwa rangi ukauziwa. Na pale ilipochomelewa pana ufa wa urefu wa kidole. Beringi zilikuwa zinakufa kwa sababu ya huo.

Usiichomelee tena. Usiipakie mtu. Tafuta fremu nyingine au iuze spea. Isitoke barabarani na wageni, nakuandikia kwa mkono wangu.

Barua hii anakuletea Ebenezeri mwenyewe, anakunywa chai hapa mbele yangu. Nimemwambia arudi tupu, asizidishe arobaini, asikimbizane na mabasi. La ufa sijamwambia. Wewe ndiye tajiri wake, mwambie wewe, sitaki kukuvunjia heshima kwa shemeji yako. Barua nimeibandika gundi.

Dada yako,
Elinipendo


Arusha, 6 Machi 2024

Dada,

Shikamoo. Barua nimepata, asante sana kwa kazi, Mungu akubariki mikono.

Usiwe na wasiwasi. Fundi mmoja hapa kanifungia kile kidude cha mafuta kinachoshikilia usukani usitikisike. Nimepakia mizigo yote, nimekwenda nayo mia moja hadi uwanja wa ndege na kurudi: imetulia tuli! Ufa nimeuona, ni mdogo. Fremu nitabadilisha msimu ukiisha, nakuahidi. Ebenezeri usimtie hofu, dereva mwenye hofu ndiye anayeanguka.

Mdogo wako,
Godbless


Kiboriloni, 8 Machi 2024

Godbless,

Salamu baadaye. Nimekupigia mara sita hupokei.

Kidude hicho hakikuponya kitu. Kimeiziba mdomo. Usukani ulikuwa unapiga kelele ili usikie, sasa umenyamazishwa, na ufa unaendelea kutembea. Umefunika kombe mwanaharamu apite, ila huyu hapiti.

Wakodishie wageni gari. Nampa barua hii dereva wa basi la mchana, nimemwomba akufikishie mkononi. Usimpandishe mtu pale juu.

Dada yako


Arusha, 28 Machi 2024

Dada Elinipendo,

Shikamoo. Habari za tangu tulipoachana kihambani, pale shambani kwenye mazishi? Hukunipa mkono kaburini, nami sikulaumu. Umelalaje? Mimi silali.

Barua yako ya tarehe nane nilipewa nikiwa natoka mochwari. Nakuapia, nilikuwa sijaiona. Waliokuwa nyuma ya Ebenezeri wanasema walishapita Kifaru, upepo ulikuwa unakata kutoka ubavuni, akaanza kuyumba. Hakushika breki. Alilegeza mikono kama ulivyofundisha. Kisha shingo ikakatika. Mgeni wa nyuma kavunjika nyonga, atapona. Ebenezeri hata hospitali hakufika.

Sasa dada, nakuomba kwa magoti. Mkaguzi wa magari ameona beringi mpya, ameuliza fundi ni nani, watakuja kwako. Ukisema uliijaribu ukairidhia, itaandikwa ajali, bahati mbaya. Wewe hutafungwa, ufa hauonekani kwa macho ukiwa na rangi. Ukisema uliniambia, mimi nimekwisha. Na nikikwisha mimi, ni nani atawasomesha watoto wa Doris? Wewe na spana zako?

Barua zangu zichome. Za kwako nimeshachoma.

Mdogo wako,
Godbless


Kiboriloni, 14 Aprili 2024

Godbless,

Marahaba. Umeniuliza nimelalaje. Nimelala vibaya, na gerejini nafunga nati moja mara mbilimbili.

Barua zako sijazichoma. Nilizipeleka polisi Jumatano, zote nne, pamoja na hiyo ya kuniomba nizichome. Najua uko Arusha kwa dhamana tangu walipokukamata, nikaona usisikie kwa watu. Sikia kwangu.

Kabla ya hapo, Jumatatu, mama alishuka kutoka Old Moshi. Alikuja hadi gerejini, amevaa gauni la kanisani, ameshika jani la sale. Unajua sale kwetu: mtu akikuletea jani lile umsamehe, humrudishi. Hakukaa. Akasema, "Elinipendo, mkwe nimeshamzika. Unataka na huyu nimpelekee chakula gerezani?"

Nikamwambia, "Mama, kumsamehe nimemsamehe. Ila mnachotaka ni nidanganye, na kudanganya hakuna sale yake."

Akaliweka jani juu ya meza, katikati ya spana, akaondoka bila kunywa hata maji. Tangu siku hiyo hapokei simu yangu.

Nasikia mama alimpelekea Doris jani pia, naye alilipokea. Nimefurahi kwa ajili yako, sikutanii. Mimi nilikwenda kwake Alhamisi na sufuria ya mtori wa ndizi. Alisimama mlangoni, hakunikaribisha. Akaniuliza kama watu wanavyouliza mahakamani.

"Siku ile alikaa kwako?"

"Alikaa. Kama saa mbili."

"Ulimpa chai?"

"Nilimpa."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Akasema, "Godbless alikuwa na tamaa. Tamaa naijua, hata mimi ninayo, nilikuwa nauhitaji ule mshahara. Lakini wewe ulimtengea kiti, ukamwongezea sukari, ukampa barua ya kifo chake abebe mwenyewe mfukoni, halafu ukamwangalia anafunga kofia. Kwa nini hukumwambia?"

Nikamwambia nilikuwa nalinda heshima yako. Nikajisikia nikisema, nikaona aibu kabla sijamaliza. Fundi haongelei siri za tajiri mbele ya mfanyakazi wake, hivyo ndivyo nilivyojiambia siku ile. Neno moja tu, Godbless. "Shemeji, hii imepasuka." Angepanda basi akarudi kwa mke wake.

Doris akaurudisha mtori mikononi mwangu, akafunga mlango.

Ijumaa nilirudi polisi, hayo nayo nikamweleza afande. Akaandika yote, akasoma, akasema hilo la kutomwambia marehemu siyo kosa kisheria. Nilimwomba asome tena. Nilitamani aniambie ni kosa, aniambie na miaka yake.

Kesi inatajwa tarehe sita Mei na nimeitwa kama shahidi. Nitakuja kwa basi la kwanza, nitasema niliyoandika hapa, la kwako na la kwangu, bila kuongeza. Usinitumie mama tena, amezeeka, mteremko unamuumiza magoti.

Tukikutana kwenye korido ya mahakama, niamkie kama unavyomwamkia mtu yeyote aliyekuzidi umri. Nitakuitikia. Zaidi ya hapo, mdogo wangu, nimetafuta la kukupa sijaona.

Dada yako,
Elinipendo