Mkono Wangu na Udongo wa Nuu

Jumatatu, 21 Oktoba. Mbooni.
Nimepalilia migomba, nimekunywa chai, nimejisifu. Kawaida. Lakini ukweli ni ukweli: Makueni yote haina mtu mwenye mkono wa bahati kama wangu. Nikidunga fimbo chini inachipua. Ndiyo maana kwa ukoo wetu mimi ndiye huangusha mbegu ya kwanza. Leo dada yangu Mwende amepiga simu kutoka Nuu, huko kwenye ukame alikoolewa. Misimu mitatu hajavuna. Mumewe alishakufa, watoto wanne. Anataka nikampandie. Nitaenda. Nimefunga mfuko wa mahindi yangu, ile mbegu nono. Ulitoboka kidogo, punje zikamwagika mlangoni. Sijaziokota. Tajiri haokoti punje.

Alhamisi, 24 Oktoba. Nuu.
Joto la Juba, na Juba nimelala nikiwa dereva wa lori. Udongo ni mwekundu kama wetu, nikafurahi. Nikauchota. Mchanga, unapita katikati ya vidole. Wetu wa mlimani ukiufinya unakaa kama donge la chapati. Nikasema udongo ni udongo.

Mwende anataka tupande sasa hivi, kwa vumbi. Mtama na ndengu, vishimo vya jembe tu. Nimecheka mpaka nikakohoa. Kupanda kwa vumbi ni kulisha panya, na mtama ni chakula cha ndege. Kwetu tunangoja ardhi ilowe. Akasema, "Baba Kioko, mvua ya huku haingoji mtu." Halafu akarudisha mtama wake kwa kibuyu. Mimi ndiye mkono.

Jumatano, 30 Oktoba.
Nimelima kwa plau mara tatu. Shamba laini kama unga. Jirani, mzee Musyoka, alishapanda mtama wake kitambo. Amesimama kwa ua akauliza kama nataka kuupika huo udongo. Nikamwambia alete mboga. Tukacheka. Mwende hakucheka.

Jumapili, 3 Novemba.
Mvua, katikati ya ibada. Mabati yakamzidi mhubiri sauti. Nimemkonyeza Mwende.

Jumatatu, 4 Novemba.
Nimepanda mahindi yangu shamba lote. Mwende nyuma yangu akifukia, akiomba chini chini.

Jumatano, 6 Novemba.
Mvua kubwa ya saa moja. Ikakatika kama taa. Sasa jua.

Jumanne, 12 Novemba.
Hakuna kitu. Shamba limefunga. Ule unga wangu umegandana juu, ukoko kama wa sufuria ya ugali. Nimebandua kipande kwa kidole. Mche uko hapo chini, mweupe, umejikunja. Umesukuma ukashindwa. Nikabandua kingine. Hivyo hivyo. Kingine. Hivyo hivyo.

Tumetambaa kwa magoti tangu asubuhi na vijiti, mimi na Mwende. Tukibandua, tunaivunja shingo. Tukiacha, inafia ndani. Sijui nifanye nini. Mimi, niliyevuka mipaka mitano kwa lori, sijui.

Kwa Musyoka mtama umetoka kila shimo. Nimekwepa kumsalimia.

Ijumaa, 15 Novemba.
Mbingu nyeupe. Miche michache iliyotoka imeinama. Mwende ana mtama wake bado kwa kibuyu, ameuchanganya na majivu usiliwe na wadudu. Mbegu anayo. Mvua ndiyo hana. Ningemwacha aipande siku ile aliyosema, sasa ingekuwa imetoka kama ya Musyoka.

Hajanilaumu hata mara moja. Afadhali angenitukana.

Mwenye kuanza kupanda hupewa kuku, ndiyo desturi yetu. Ana kuku watatu. Amefunga mmoja miguu akanipa kwa mikono miwili. Nikakataa. Akasema, "Chukua. Usinitilie mkosi juu ya mwingine." Nikachukua. Nimerudi nyumbani naye mapajani njia nzima.

Jumapili, 17 Novemba. Mbooni.
Ukungu. Kila kitu kimelowa. Sikuenda kanisani.

Nimetenga magunia mawili ya mahindi kutoka ghalani, kesho yaende Nuu. Watoto wanne. Hayatawafikisha mbali.

Zile punje za mlangoni zimeota. Zimepita vifundo vya miguu, kijani ya kung'aa. Hakuna aliyezipanda. Hakuna hata aliyezifukia, watu walikuwa wanazikanyaga tu. Nimekaa mlangoni kuziangalia, kuku wa Mwende akichakura kando.

Sina mkono wa bahati. Sijawahi kuwa nao. Nilizaliwa kwenye udongo mzuri, basi.