Barafu Ipo ya Kutosha

Rågsved, Stockholm
Jumatatu, baada ya kazi

Dada yangu Tumaini,

Shikamoo. Kabla sijasema langu, niambie kwanza mguu unaendeleaje, na kama daktari wa Njombe bado anakukataza kupanda ngazi na wewe bado unapanda akigeuka tu. Shemeji je? Na viazi, vimenusurika na baridi ya jalidi mwaka huu? Huku sote wazima, isipokuwa mimi ninayeandika nikiwa nimekalia mito miwili, maana kiti kitupu leo sikiwezi. Utaona kwa nini.

Unakumbuka nilivyokuambia kwamba hapa mtaani kuna kilima cha watu kutelezea skii? Usifikirie mlima. Kwa wenyeji wa Makete kile ni kichuguu. Kina kamba moja ya umeme inayowavuta watu hadi juu, kibanda cha kahawa na mikate ya mdalasini, na chama cha wakazi wanaokiendesha kwa kujitolea. Binti yangu Upendo anateleza pale tangu akiwa na miaka saba, na sasa ana kumi na saba. Mimi skii siziwezi, kwa hiyo chama kilinipa simu na ubao wa matangazo. Wiki nzima naendesha foklifti ghalani Jordbro, Jumamosi na Jumapili mzee mzima nakuwa msemaji wa theluji.

Dada, kazi hii inakera! Kwanza theluji yenyewe mwaka huu ina dharau. Inaanguka Jumanne, tunafurahi, Ijumaa mvua inaifagia yote. Halafu watu na simu zao. Mmefungua? Tumefungua, saa nne hadi saa tisa. Theluji ipo? Sasa ningefungua nini kama haipo? Gari niliegeshe wapi? Hakuna pa kuegesha, shuka kwenye treni utembee dakika kumi. Kofia ngumu? Tunaazima bure. Yote hayo nimeyaandika ubaoni kwa mwandiko wa kusomeka, na juzi bwana mmoja alinipigia simu kuyauliza akiwa amesimama mbele ya huo ubao. Namwona dirishani!

Lakini hilo lililoniumiza nimelifanya mwenyewe, na siwezi kumsingizia mtu.

Chama kilimwambia Upendo kwamba atapewa darasa lake la wanaoanza, awe mwalimu kamili, ikiwa watajiandikisha watu sita kufikia jana Jumapili. Wakipungua sita, hakuna darasa msimu huu. Na mwakani anahamia mji mwingine kusoma, kwa hiyo ilikuwa jana au basi. Akaja jikoni, huyu mtoto ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, akasema kwa Kiswahili cha kutafutatafuta, "Baba, wewe andikia watu wetu. Wao wana watoto mingi."

Kichwa kikavimba. Alhamisi nikauandikia ule umoja wetu wa kwenye simu, Watanzania, Wakenya, Waganda, Wakongo, wote waliomo. Nakunukulia bila kuficha: "Jumapili kilima kitafunguliwa. Barafu ipo ya kutosha, imepigwa mashine, imelainika vizuri kabisa. Waleteni watoto wajifunze."

Najua umeshaliona. Mimi sikuliona. Miaka yote hii huku, chochote cheupe kilichoanguka toka juu nakiita barafu, na hapa nyumbani tumezoea hivyo. Theluji ni neno ninalokumbuka nikiandikia watu wenye heshima kama wewe.

Jumapili saa nne Upendo alikuwa chini ya kilima na fulana yake ya manjano ya mwalimu. Theluji safi, laini, ya kutamani. Wanafunzi: wawili, watoto wa Kiswidi. Saa tano, walewale wawili. Saa sita Upendo akaacha kuangalia njia ya kituoni, akaanza kuniangalia mimi.

Nikampigia Mama Furaha, Mkongo wa Jordbro tunayesali naye, mama wa watoto watatu, ambaye alikuwa ameniahidi.

"Mama Furaha, mbona kimya?"

"Baba Upendo, we uko na akili kweli? Uliandika kuko barafu, tena ya kulainisha na mashini! Miye mukono iko ndani ya plasta juu nilianguka kwa barafu ya pale stesheni. Sasa nipandishe watoto kwa mulima ya barafu?"

"Aah, mama! Si ile ya kuteleza njiani! Ni hii nyeupe, inayoanguka kama unga!"

"Ile ni *neige*!" Akapiga kelele simuni mpaka Gunnel, muuguzi mstaafu anayeongoza chama, akageuka. "Juu ya nini haukusema *neige*? Batu bote kanisani banasema Baba Upendo anataka kuvunja watoto!"

Nikaomba msamaha, nikabembeleza, karibu nipige magoti kibandani. Akafika saa nane kasoro, mkono umefungwa na soksi ya mume wake juu ya plasta, watoto watatu nyuma. Nikahesabu. Watano. Nikahesabu tena, kama vile ningempata mwingine katikati yao.

Gunnel akatikisa kichwa kwa huruma. Sita ni sita.

"Karatasi ya kujiandikisha inasema watoto sita?" nikamuuliza.

Akavaa miwani, akasoma. "Inasema wanaoanza sita."

Nikamtazama Mama Furaha. "Usiniangalie," akasema. "Miye niko na mukono moya. We uko nayo yote mbili."

"Nej," akasema Upendo, yaani hapana. "Nej, nej, pappa." Alikuwa mwekundu kama pilipili. Lakini alishachukua kalamu. Akaniandika: jina, umri, na mahali pa uwezo akaandika neno moja, "hana".

Dada, nilianguka mara nane. Watoto wa Mama Furaha walikuwa wanapita pembeni yangu kama bata majini. Na binti yangu akawa ananifokea mbele ya watu, "Baba, kunja magoti! Usiangalie chini, niangalie mimi! Nimesema nini?" Kiswahili kitupu, tena cha kuamrisha. Nikajiuliza amekitoa wapi, halafu nikaikumbuka sauti yangu kila asubuhi akichelewa shule.

Darasa amelipata. Na leo, kwa jeuri ya anga hili, mvua imenyesha tangu alfajiri na kilima kimebaki majani na matope. Nimetoka kuandika ubaoni kwamba tumefunga mpaka tutakapotangaza, na simu tatu zimeshapigwa kuuliza kama tumefungua.

Upendo ameniletea ujumbe wa wazazi, ameuandika mwenyewe: "Wazazi, theluji ameenda. Sisi tunangoja ingine. Musisahau mimi." Nimeutuma hivyohivyo, sikugusa herufi.

Nisalimie shemeji, mama mdogo wa maziwa, na binamu yetu fundi cherehani, umwambie suruali aliyonishonea imepasuka kwa sababu za kielimu. Wifi yako wa huku anakuamkia. Tunza mguu, usiwe kama mimi.

Ni mimi mdogo wako, mwanafunzi wa sita,
Lameki