Filme ya Miaka Kumi na Sita

Katuba, Lubumbashi

Kwako Mama Mumba, bibi yangu mupendwa,

Ninakusalimia na roho yangu yote. Mbele ya habari yoyote, wewe uko namna gani? Mugongo iliacha kukuuma? Nkambo, mama yako, anatembea peke yake mpaka ku kanisa, ao bado muntu anamushika mukono? Huku miye niko muzima wa mwili. Mutoto wetu Bwalya naye iko muzima wa mwili. Ninasema wa mwili, na utaelewa mbele kidogo. Ikala kwanza. Kama kuna muntu pembeni yako, mwambie akungojee inje.

Utajiuliza juu ya nini ninaandika barua sawa bantu ya zamani, na telefone iko. Telefone tuliitumia mubaya, wewe na miye. Na kila mara nikikupigia, Bwalya iko karibu anasikiliza, njo maana tunabakia kuongea mvua na samaki, mvua na samaki, mpaka unite ya telefone inaisha. Barua hii ninaipatia shofere wa camion ya samaki. Anasema barabara ya kuja kwako Kilwa, kule ku ziwa, iko mubaya lakini atafika.

Kazi yangu unaijua. Ku salle ya vidéo filme inaongea Kifaransa, miye ninasimama na micro pembeni ya televizio, ninageuza yote mu Kiswahili yetu. Siku ya kwanza ulinicheka, ukasema: "Huyu bwana na mudomo yake, leo alipata kazi ya mudomo!" Ni kweli, mudomo ninayo. Muntu wa filme akisema maneno mbili, miye ninasema kumi. Kuna bantu benye kuwa na filme ileile ku telefone yabo, lakini banakuja tu juu ya kunisikia. Usicheke, ni kweli.

Sasa, filme mingi inaanza na namba: kumi, kumi na mbili, kumi na sita. Ni miaka yenye mutoto anapaswa kuwa nayo mbele ya kuiangalia. Zamani nilikuwa ninaiheshimu ile namba. Mutoto mudogo akifika ku mulango, ninamwambia: "Wewe, rudia ku nyumba, maziwa ingali ku mudomo." Halafu bamama balianza kunijia. Mama Ngalula, ule Mukasai mwenye kuuza mikate mu kona yetu, alisimama mbele ya salle na beseni ku kichwa: "Papa Mumba, ukimufukuza mutoto wangu, anaenda wapi? Ku barabara. Huko ku barabara kuna namba?" Maître Ilunga, mwalimu wa Bwalya, naye alipita, akasema: "Namba ni namba. Habakuiandika juu ya kupamba." Miye nikabaangalia bote babili, nikajiona niko na akili ya kubapita.

Akili yangu njo ilikuwa hii: batoto baingie, lakini mudomo yangu itapunguza filme. Bantu bakipigana na bisu, ninasema banagombania nguo ku soko. Muntu akipigwa risasi, ninasema alichoka, analala kidogo. Mwanaume na mwanamuke bakianza kukumbatiana, ninasema ni kaka na dada, habakuonana siku mingi. Bakubwa banavunjika mbavu na kicheko, badogo banashika maneno yangu, kila muntu anarudi kwake na furaha. Nilijisifu, Mama Mumba. Nilitembea mu quartier muzima ninasema: namba iko ku filme, lakini miaka ni miye njo ninaipanga.

Bwalya nilimuacha aingie na bengine. Miaka tisa. Ningemuacha na nani ku nyumba?

Jumamosi yenye ilipita, siku ya posho, masomo imefungwa, salle ilijaa tangu mchana. Filme ilikuwa mupya. Namba kumi na sita ilionekana, nikaipitisha. Kosa yangu njo hii: sikuiangalia mwenyewe mpaka mwisho. Ni hadisi ya baba mumoja na kijana yake, banaenda na mashua. Mwanzo ilikuwa ya kuchekesha, batoto banapiga mikono. Halafu upepo, mashua inapinduka, na baba anatoka mu maji peke yake. Anafika ku nyumba, bibi yake iko ku mulango, na anamwambia mu Kifaransa ya wazi kabisa: mutoto alikufa, maji ilimubeba.

Niliona ule mama ku televizio, nikakuona wewe. Micro iko mu mukono, bantu banangojea, na maneno yenye ilikuwa karibu mu kinywa yangu njo ilitoka: "Mama, usilie. Mutoto alivuka ngambo, kwa mujomba wake. Iko kule anasoma. Siku moja atarudi."

Ile maneno unaijua. Sisi babili njo tuliitunga, miaka mbili sasa, juu ya Bwalya asijue.

Bwalya akasimama katikati ya batoto. "Papa, haiko vile. Alisema il est mort. Ule mutoto alikufa." Batoto bakapiga kelele: "Ikala! Ikala chini!" Na miye, mupumbafu, nikasema mu micro: "Bwalya, nani njo anageuza hapa, ni wewe ao ni miye?" Salle yote ikacheka. Miaka mbili Maître Ilunga anamufundisha Kifaransa, na ile pia nilikuwa ninajisifu nayo.

Hakuikala. Aliniangalia, hakuangalia televizio tena, akatoka bila viatu. Na ninapaswa kukuambia hata hii, ijapokuwa haya inaniua: sikumufuata. Nilibakia na micro yangu, nikageuza filme mpaka mwisho, juu bantu balikuwa pale.

Nilimukuta ku nyumba, ameikala pembeni ya mbabula ya makaa bila moto. Akaniuliza: "Mumba naye alikufa?"

Nikamwambia: "Aka! Mumba si iko Zambia kwa Mujomba Chanda? Si uliongea naye ku telefone siku ya Noeli?"

Akanijibu polepole, sawa muntu mukubwa anamwambia mutoto: "Papa, haikuwa Mumba. Ilikuwa Kabwe, mutoto wa Mujomba Chanda. Aliniita Bwalya. Mumba hakuwa ananiita Bwalya, alikuwa ananiita Kabata, juu ya kutembea kwangu sawa bata."

"Sasa juu ya nini ulinyamaza?"

"Juu ulikuwa unacheka, Papa. Na Mama alikuwa anacheka kule kwa Mujomba. Nikaona munafurahi."

Mama Mumba, mutoto tulisema tunamuchunga, kumbe yeye njo alikuwa anatuchunga. Tangu Noeli! Alikula, alienda ku masomo, aliomba Mungu na miye, na hii kitu iko mu roho yake, hana wa kumwambia. Nilikosa pa kuweka uso. Nililia mbele yake sawa mutoto. Nikamwambia: ndiyo, Mumba alikufa, bwato ilipinduka mu ziwa, bantu bengine balitoka, yeye hakutoka. Basi. Hakulia. Aliinuka, akaenda kuvaa viatu yake, akarudi akaikala pale pale.

Sikuhukumu wewe. Siku ya kilio bakubwa balisema batoto batolewe, kilio haiko ya batoto, na ni vile tulifanyiwa hata sisi tukiwa badogo. Bakamupeleka kwa nkambo. Halafu akaanza kuuliza Mumba iko wapi, na ni miye njo nilisema ngambo, haikuwa wewe. Wewe ulifuata tu. Ile ya kumuweka Kabwe ku telefone nayo ilitoka mu kichwa yangu. Tulifikiri miaka saba ni kidogo sana juu ya kubeba kitu sawa ile. Aliibeba tu, na hakuna muntu alimusaidia hata kushika upande.

Sasa anakula kama miye ninakula mu sahani yake. Nikiweka yangu pembeni, hashike. Ku masomo anaikala muzuri lakini hainue tena mukono. Nilienda kuona Maître Ilunga, nikifikiri atanitukana, na alikuwa na haki. Hakunitukana. Alisema: "Papa Mumba, ile namba haikatazi mutoto kujua ya kuwa bantu banakufaka. Inasema tu asijulie pale, mu kicheko ya bantu, na baba yake iko mbele anamubishia." Nilirudi na miguu mpaka ku nyumba, sikupanda hata pikipiki ya motari.

Ku salle nimeanza kuheshimu namba. Niliandika ku mulango na chaki, na filme yenye sikuangalia peke yangu siiweke. Bamama bamekasirika. Mama Ngalula aliniuliza: "Leo umekuwa askofu?" Nikamuelezea yote. Akaweka beseni chini, akaikala ku banki ya mbao ya salle, akalia juu ya mutoto wake mwenye alimuzika kule Kasai, nami sikujua hata siku moja kama alizikaka mutoto. Halafu akapanguza macho, akasema: "Lakini huyu wangu wa leo, ukimufukuza, ataangalia ileile ku telefone ya kaka yake, na hakuna hata mudomo wako." Ninajua tu yenye ilifanyika mu nyumba yangu.

Sasa nifike ku kitu yenye ilinishikisha kalamu.

Jana tulikuwa tunasonga bukari. Bwalya anashika sufuria, miye ninakoroga. Akauliza: "Papa, siku banamuzika, alikuwa anavaa nini?"

Nikabakia na mwiko mu mukono. Sijui, Mama Mumba. Sijui mutoto wangu alizikwa na nguo gani. Ile wiki camion yenye ilikuwa inanileta ilikwama mu matope, nilifika kilio imekwisha na udongo juu ya kaburi imeanza kukauka. Wewe ulikuwa ndani na bamama, miye inje na banaume. Sikukuuliza ni nani alimutoa mu maji. Sikuuliza ni nani alimuosha, kama ni wewe, kama uso yake ilikuwa bado ya Mumba. Bantu balifikiri ninakuhurumia. Hata wewe pengine ulifikiri vile. Hapana. Niliogopa kujua. Nikachukua Bwalya, nikakimbilia Lubumbashi, nikasema ni juu ya masomo, na wewe nikakuachia kaburi, na ziwa mbele ya mulango kila asubui. Bwalya nilimudanganya kwa mudomo. Wewe nilikudanganya kwa kunyamaza, na sijui ni kipi ilikuumiza kupita.

Nilimjibu: "Sijui. Mama njo anajua." Akasema: "Basi tumuulize."

Njo hii tunakuuliza. Niandikie yote, vile ilikuwa. Nguo, siku, muntu mwenye alimuona wa kwanza, maneno yenye ulisema. Usipunguze kwa ajili yangu. Tutaisoma pamoja, mchana, mulango wazi, na kama mumoja anashindwa, mwengine ataendelea. Na ku vacances kubwa, masomo ikifungwa, tutafika Kilwa bote babili. Bwalya anataka umupeleke wewe ku kaburi, si miye. Nilikubali. Miye nitakuja nyuma yenu.

Unisalimie nkambo, mama yako, mwenye alimupokea Bwalya siku ile na kubeba uongo yetu ku uzee yake. Umusalimie katekista mwenye alimuombea Mumba mu nafasi yangu. Kaka yako Chanda kule ngambo, umwambie simukasirikie. Na Kabwe zaidi: umwambie hana kosa hata kidogo, ni sisi bakubwa tulimutuma kuazima sauti ya muntu.

Mungu akushike, bibi yangu, pale miye sikukushika.

Ni miye bwana yako,
Papa Mumba

Bwalya anaomba kalamu. Ninamupatia, sitasoma mbele ya kufunga.

Mama, ni miye Bwalya. Papa analia sana, usimufokee. Mama, ukiandika usiseme alivuka. Andika alikufa. Ninajua kusoma.